Kuwahi kuomba chuo: kunasaidia wapi?

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumziki. Wadogo zetu wa Kibondo na Kasulu wanauliza swali lile lile: "Kaka, nikiomba siku ya kwanza, si nafasi ya kuchaguliwa inakuwa kubwa?" Na mwenye steshenari pale stendi anawaambia ndiyo, waje leo leo kabla mfumo haujajaa. Yeye yuko kwenye biashara, simlaumu. Ila jibu lake linachanganya kuwahi siku na kuwahi dirisha, na hivyo ni vitu viwili.

Tangu 2017 maombi ya shahada yanaenda chuoni moja kwa moja, siyo tena kupitia mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza 2010. TCU inatangaza dirisha, vyuo vinapokea maombi kwa wiki kadhaa, dirisha linafungwa, ndipo uchaguzi unafanyika. Waombaji wa kila kozi wanapangwa kwa ufaulu: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Majina yanapelekwa TCU kuhakikiwa, halafu mkeka unatoka. Katika hesabu hiyo hakuna anayeuliza uliomba saa ngapi. Mwenye BBB aliyeomba jioni ya siku ya mwisho anampita mwenye CCD aliyekesha kusubiri dirisha lifunguliwe.

Chukua udaktari wa binadamu. Kigezo cha chini ni pointi 6 za Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani D tatu zinakufikisha mlangoni. Lakini mlangoni hapo wamejaa wenye A na B, na viti havitoshi. Mtoto wa DDD akiweka machaguo yake yote kwenye udaktari wa vyuo vikubwa vya serikali, kuwahi hakumsaidii kitu. Kinachomsaidia ni kuchanganya machaguo: moja la ndoto, mengine ya kozi ambazo pointi zake zinashindana kweli.

Dirisha lenyewe ndilo jambo kubwa. Raundi ya kwanza viti vyote viko wazi. Raundi ya pili vyuo vinatangaza kozi zenye nafasi zilizobaki tu, na zile zinazogombewa mara nyingi hazimo. Zipo nafasi zinazorudi, kwa sababu mtu aliyechaguliwa vyuo vitatu lazima akonfemu kimoja na viwili vinaachia kiti chake. Hizo ni za kuokoteza, usizipangie maisha. Kwa hiyo kuomba siku ya 1 au ya 20 ya raundi ya kwanza ni sawasawa, lakini kuomba siku ya kwanza ya raundi ya pili tayari ni kuchelewa.

Imani hii ya kuwahi nadhani nyingine tumeiokota kwenye video za Wamarekani. Kwao ni kweli kwa kiasi fulani. Vyuo vyao vinavyochagua sana vina maombi ya mapema, mengi mwisho wake Novemba, na baadhi yanamfunga mwombaji: ukikubaliwa unakwenda hapo hapo. Avery, Fairbanks na Zeckhauser walionyesha katika kitabu chao cha 2003 kwamba kuomba mapema kulimnufaisha mwombaji kama vile ameongezewa pointi 100 hivi kwenye mtihani wa SAT. Chuo kinampenda anayeahidi kuja. Huku kwetu hakuna ahadi ya namna hiyo, basi hakuna na zawadi yake.

Mahali ambapo kuwahi kunalipa hapa kwetu, tena kunalipa sana, ni makaratasi ya mkopo. Bumu halifuati chuo lenyewe; Bodi ya Mikopo ina dirisha lake na ada yake ya shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho vilevile. Fomu inasainiwa na serikali ya kijiji au mtaa, kisha na wakili au hakimu, ndipo inarudishwa mtandaoni. Mtu wa Dar anamaliza hayo kwa siku mbili. Wa kijiji cha ndani huko Kibondo anasubiri kwanza maharage yauzwe ipatikane nauli, akifika mjini mwenye mhuri kasafiri, kesho yake mtandao hakuna. Haya yote hayahitaji matokeo. Cheti kinaweza kuhakikiwa Machi, mtoto akiwa bado anajisomea.

Kuna na hili la JKT. Matokeo yanatoka wengi wakiwa kambini, wengine hapo hapo mkoani kwetu, Kanembwa au Mtabila, na kambini hushiki simu unapotaka. Mdogo wako akienda, aache nakala za vyeti, namba ya mtihani na orodha ya kozi anazozitaka kwa mtu anayeaminika nyumbani. Na kwenye fomu msimwachie wa steshenari aweke namba au barua pepe yake mwenyewe, wanapenda sana kufanya hivyo ili kazi iende haraka. Msimbo wa kukonfemu unatumwa kwenye namba iliyoandikwa pale, na una siku zake za kutumika.