KUHAMA NYUMBA: GARI UMELIPATA, LITASIMAMA WAPI?

Wiki hii tunaongelea kuhama. Najua wengi wenu mnaishi vyumba vya kupanga. Kodi ya miezi sita ikikatika, mwenye nyumba anaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni, mwisho wa siku unajikuta unafungasha virago. Hapo akili yote inakwenda kwa dalali, kodi mpya na gari. Kirikuu shilingi ngapi, Canter shilingi ngapi. Ukishapatana na dereva, unalala usingizi wa pono. Sasa mimi nina swali moja la kizushi: hilo gari litasimama wapi?

Usicheke. Hapa Dar es Salaam gari si tatizo, ya kukodi yamejaa, piga mluzi yanakuja matatu. Kazi iko kwenye zile hatua za kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye bodi la gari. Zikiwa hatua kumi, kabati linabebwa na watu wawili huku wanapiga soga. Zikiwa mia mbili, huku mtaro uko wazi, kule kamba ya nguo iko usawa wa shingo, wale wawili wanageuka wanne na kila mmoja anataka chake. Nimeshaona mtu analipa wabebaji hela nyingi kuliko aliyolipa gari. Dressing table nayo ikafika bila kioo.

Wenzetu wa Sinza hawalijui hili, na kuna sababu. Miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Barabara zilichorwa kwanza, nyumba zikafuata. Manzese watu walikuwa wameshajenga zamani, kwa hiyo ilibidi barabara na maji vipenyezwe katikati ya nyumba zilizokuwepo. Ndo maana leo Sinza Canter inafika getini, labda pale ambapo mtu kasogeza fremu yake ya duka mpaka barabarani. Lakini ingia ndani ndani ya Manzese au Tandale, njia nyingine hata mkokoteni unapita kwa dua.

Dada yangu alikuwa anahama Tandale kwenda hukohuko Sinza, siku ya Jumamosi. Mpangaji mwingine alishalipia chumba chake na alitakiwa aingie saa saba mchana, kwa hiyo muda wa kuzubaa haukuwepo. Kwanza tuliwaza kirikuu. Kwa sheria za Japani vigari hivyo havizidi mita 3.4 kwa urefu na mita 1.48 kwa upana, hivyo vichochoro vingi vinapenya. Ubaya ni kwamba Mjapani kaandika kibebe kilo 350 tu. Madereva wetu hicho kibao hawakisomi, wanapakia mpaka tairi za mbele zinataka kuaga ardhi, ila dada ana jokofu, makabati mawili na kitanda cha mninga. Ingekuwa safari tatu. Ikaamuliwa Canter, na Canter kwake haifiki.

Mahali pa kusimama palikuwa pamoja tu, pale njia panda, kama hatua mia na hamsini kutoka kwake. Na pale pana wenyewe. Kuna genge la mama mmoja wa nyanya na vitunguu, kuna kijiwe cha bodaboda, na kuna mzee ambaye ukuta wake ndo unapakana na uwazi ule. Ukiangalia haraka unaona barabara ya serikali. Dada yeye anakijua kitongoji, Alhamisi jioni akaenda kwa mguu wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unatukimbia?"

"Ndo maisha mama. Nimekuja kuomba Jumamosi asubuhi meza yako isogee kidogo, gari lisimame."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa nne limeshaondoka."

"Saa nne kweli, siyo saa nne ya Waswahili. Wateja wangu wa mboga ya mchana wanakuja saa nne na nusu."

Mazungumzo yote ndo hayo. Yule mama hakutaka hela, alitaka kujua saa. Vijana wa bodaboda wao walitaka ya soda na wakapewa, wakaahidi kusogea mpaka ng'ambo. Mzee wa ukuta akasema tu gari lisimame na sura ikitazama nje, ili likitakiwa kuondoka liondoke bila kurudi kinyumenyume. Nilimwona mzee anajisumbua. Jumamosi ndo nikamwelewa.

Siku hiyo Canter yetu ilifika saa moja kasoro, ikakaa kama alivyosema mzee. Tukabeba. Saa mbili na kitu likaja Fuso la mtu mwingine, naye anahamia mtaa huohuo. Hakuongea na yeyote. Dereva akaona uwazi umebaki nyuma yetu, akalichomeka mlalo, likaziba mdomo wa njia chote, akazima, akatia ufunguo mfukoni na kwenda kunywa chai. Huyo mwenye vitu alikuwa bado kwenye daladala.

Haikupita robo saa tukasikia makelele huko ndani. Bajaji inakuja, ndani yake mama mjamzito kashikwa na uchungu, shangazi yake kamkumbatia. Ikafika kwenye Fuso, ikagota. Honi, kelele, dereva hayupo. Vijana wakataka kulisukuma. Wapi! Liko kwenye gia, breki ya mkono juu. Wee acha tu. Nilitetemeka magoti, na mimi si mtu wa kutetemeka ovyo.

Waliomwokoa ni walewale wa kijiwe. Walimbeba mikononi, wakampitisha pembezoni mwa ukuta wa mzee, pembamba pale watu wanapita mmojammoja, wakamtoa mbele. Canter yetu ilikuwa inatazama nje, kabati moja na godoro vikiwa juu. Dada hakuuliza mtu, akamwambia dereva, "Kaka, wapeleke hawa, vitu vyangu vitasubiri." Mama akapandishwa kiti cha mbele na shangazi yake, wakaondoka. Jioni tukapata habari kajifungua salama, mtoto wa kike. Yule dereva wa Fuso aliporudi na mswaki wa kijiti mdomoni, aliyoambiwa na mama wa genge gazeti hili haliwezi kuyachapisha.

Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na kuziba njia ni kosa. Lakini vichochoroni kwetu trafiki haingii, wenye mtaa ndo trafiki. Mjini kati na Kariakoo ni habari nyingine. Huko maegesho yana ushuru, na ukisimama vibaya unaweza kurudi ukakuta tairi limefungwa mnyororo huku sofa zako zikiwa juu. Kwa ghorofa za Kariakoo nenda Jumapili alfajiri, kabla machinga hawajatandaza.

Na Jumamosi uswahilini ina kimbembe chake: turubai. Harusi, ngoma, arobaini, mtaa unafungwa kuanzia asubuhi na huwezi kumwambia mtu ahamishe shughuli. Ulizia Jumatano. Msiba ndo hauna ratiba, ukikuta msiba ahirisha, zima muziki, nenda kakae na wenzako.

Huko unakohamia nako uliza. Ile Noah inayolala mbele ya geti ni ya nani, na mwenyewe anaamka saa ngapi siku asiyokwenda kazini? Mgongee Ijumaa kwa salamu nzuri, ndo jirani yako wa mwaka mzima huyo. Akikuachia nafasi usiku, izibe na viti viwili vya plastiki mpaka gari lije. Ila vitie alama, maana mitaa yetu hii viti vya plastiki vinahama bila kukodi gari.