Ghorofa karibu na steji: fungua dirisha kwanza

Msomaji wa Kisumu, ukitafuta nyumba ya kupanga aghalabu huuliza mambo mawili: kodi ni pesa ngapi, na steji iko wapi. Nakusihi uongeze la tatu: hewa inapita?

Swali la steji ni la afya pia. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Dawa ni bure katika hospitali za umma, lakini nauli si bure. Mgonjwa anayeishi Kondele hutembea tu hadi hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wanayoiita "Russia". Wa mbali akikosa pesa za matatu, hukosa kliniki. Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaochukia ghorofa kando ya barabara za matatu.

Huko Massachusetts, Marekani, sheria ya Januari 2021 iliilazimisha miji inayohudumiwa na treni na mabasi ya Boston itenge maeneo ya nyumba za familia nyingi. Wapiga kura wa mji wa Milton walikataa mwaka 2024. Januari 2025 mahakama ikasema sheria hiyo ni halali. Kwetu kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti, na wewe uliyeajiriwa unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Una haki ya kuuliza zinajengwaje.

Ghorofa iliyounganishwa na bomba la majitaka ni afadhali kuliko choo cha shimo kule Nyalenda, ambako mvua ikinyesha shimo hufurika na kipindupindu hubisha hodi.

Lakini ghorofa zilizobanana ni hatari nyingine. Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa katika chumba kisicho na upepo, viini huelea hewani kwa saa nyingi. Kidirisha kinachotazama korido si dirisha. Kabla hujalipa, ingia chumbani mchana, zima taa: ukishindwa kusoma gazeti hili, tafuta kwingine. Na usifunge madirisha kutwa kwa kuogopa mbu wa ziwani. Weka wavu dirishani, ulale ndani ya neti.

Ukikohoa kwa wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Watoto mnaolala nao chumba kimoja uwapeleke pia.