Kupiga Picha ya Sarafu

Neno "hela" limetokana na jina la sarafu ya Wajerumani. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sarafu za hela 20 zilitengenezwa Tabora, zikatiwa herufi ndogo T chini ya mwaka. Tuseme sarafu kama hiyo imehifadhiwa Mamboya, wilayani Kilosa. Tutaipigaje picha kwa kamera ya dijitali ili herufi hiyo isomeke?

Lenzi hukusanya mwanga utokao kwenye sarafu na kufanya taswira ndani ya kamera. Kitu kikiwa karibu, taswira hufanyika mbali zaidi nyuma ya lenzi. Kwa hiyo lenzi husogezwa mbele. Lakini kusogea huko kuna kikomo. Ukiikaribia sarafu mno, picha huwa na ukungu.

Isimamishe sarafu dhidi ya jiwe. Weka kamera juu ya vitabu isitikisike. Mwanga uangukie sarafu kutoka upande mmoja, ili michoro iliyoinuka ifanye vivuli. Usiisugue sarafu, kwani mikwaruzo haifutiki.

Jaribio: Piga picha mbili za sarafu ya shilingi 200, moja kutoka sentimita 3, nyingine kutoka sentimita 30. Ipi ni dhahiri zaidi? Kwa nini?