Baba Hansen, mtoto Olsen: Utata wa kusaka mababu kule Skandinavia

Msee akikwambia anaitwa Hansen, utadhani hilo ni jina la ukoo. Lakini huko mashambani Norway mwanzoni mwa karne ya 19, jina hilo lilimaanisha kitu kimoja tu: babake aliitwa Hans. Basi. Ole mwana wa Hans ni Ole Hansen. Akipata kijana amwite Hans, huyo ni Hans Olsen. Dadake kijana ni Olsdatter, yaani binti Ole. Mama naye ana lake, tuseme Larsdatter, kwa sababu kuolewa hakukumbadilisha jina. Nyumba moja, majina manne ya mwisho.

Kwa anayejua maana ya "arap", hii si ngeni. Daniel arap Moi alikuwa mwana wa Kimoi arap Chebii. Chebii aliishia hapo, lakini Moi likawashika watoto na kuganda. Kule Skandinavia majina yaligandishwa na sheria: Denmark iliagiza hivyo 1828, Sweden ikafuata 1901, Norway 1923. Ndiyo maana Denmark ya leo imejaa Nielsen, Jensen na Hansen, na wengi wao hawana undugu wowote.

Sasa jaribu kumtafuta babu. Sensa ya Norway ya 1865 iko kwenye Digitalarkivet, tovuti ya nyaraka ya serikali, na haulipi hata ndururu. Unaandika Ole Hansen na unamwagiwa rundo la watu. Kinachokuokoa ni shamba. Baada ya jina la baba, watu walitaja mahali wanapoishi: Ole Hansen Bakken. Lakini usishangilie bado. Ole akioa na kuhamia shamba la kina mke, Haugen, anageuka kuwa Ole Hansen Haugen. Lilikuwa kama anwani tu. Ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kufika Marekani, mmoja ajiandikishe Hansen, mwingine Bakken, na vitukuu wao waishi mtaa mmoja bila kujua ni damu moja.

Kwa Waswidi, mkombozi ni pasta. Sheria ya kanisa ya 1686 iliwataka mapasta waweke rejista, na kila mwaka walipima watu nyumba kwa nyumba kama wanajua katekisimu. Walikuwa wanakagua imani, lakini daftari zao ziliorodhesha kila aliyekuwa chini ya paa lile: baba, mama, watoto, kijakazi, nani amehama na ameelekea parokia gani. Kwangu mimi hizo ndizo dhahabu yenyewe. Mtu habadilishi tarehe ya kuzaliwa kirahisi kama anavyobadilisha jina.

Kuna mtego mmoja unaonasa wengi. Kijana wa kwanza mara nyingi alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. (Wakikuyu mnacheka hapo nyuma, nawaona.) Mtoto akifa, anayefuata alipewa jina lile lile ili babu asipotee. Kwa hiyo unaweza kupata ubatizo wa Ole, wazazi ni wale wale, shamba ni lile lile, ukafurahi, kumbe huyo alizikwa baada ya wiki mbili na babu yako ni Ole wa pili. Usimwandike mtu kwenye ukoo wako kabla ya kuangalia rejista ya mazishi.

Halafu kuna waliotaka wasipatikane. Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake 1927 bila kutua, alikuwa na babu aliyejulikana Marekani kama August Lindbergh. Huko Sweden mzee huyo alikuwa Ola Månsson, mkulima na mbunge. Alipoandamwa na kesi ya pesa za benki, 1859 alitorokea Minnesota na mpenzi wake pamoja na mtoto wao mchanga, akaacha mke na watoto nyuma. Mtoto huyo alikuja kuwa mbunge wa Marekani, na ndiye babake rubani. Ukifuata jina Lindbergh peke yake, unagonga ukuta. Mlango wa kuingilia Sweden ni Ola, mwana wa Måns.