Usiamini neno "haina kitu"

Bandugu wafanyakazi, na ninyi wamama mulio kambini, leo siandike juu ya mushahara. Naandika juu ya bunduki ya zamani. Kuna familia zetu ambazo kule kijijini zimebaki na moja: iko juu ya dari ao chini ya kitanda, imefungwa mu kitambaa cha mafuta. Mwenyewe alikufa zamani. Watoto waliobaki hawajui inafanya kazi namna gani, lakini wote wanakuambia: "Ile? Ile haina kitu." Mu kazi yetu ya mugodi tunajua maneno ya namna hiyo. Shimo la baruti ambalo mutu alisema limekwisha kulipuka, mwengine akaja kulitoboa tena na mashini, njo linaacha wajane.

Mimi nilifundishwa kupiga bunduki na mujomba wangu, ndugu ya mama, miaka ya 1990, mu kijiji kimoja upande wa muto Lufira. Alikuwa askari wa zamani, na alikuwa na karatasi zake za kushika silaha. Bunduki ilitoka kwa baba yake. Alikuwa anaitumia kufukuza nguruwe wa pori mu mashamba ya mihogo, na masasi alikuwa nayo kidogo sana. Kwa hiyo masomo yalikuwa maneno mengi, milio michache.

Bunduki yenyewe ilikuwa Mauser ya Wabelgiji, ya mufano wa 1889. Kiwanda cha FN, kule Herstal karibu na Liège, kilianzishwa mwaka uleule wa 1889 kwa kutengeneza bunduki hizo 150 000 za jeshi la Ubelgiji. Baadaye ziliingia mu mikono ya Force Publique huku kwetu. Tuseme ukweli: mutu wa sendika hawezi kuangalia bunduki ya Force Publique kama kitu cha kuchezea. Mu Desemba 1941, hapa Élisabethville, askari wa Force Publique walipiga masasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mushahara. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake, alikufa pale. Mujomba alijua habari hiyo. Aliniambia bunduki haina akili, inakwenda kule unaielekeza, basi kitu cha kwanza cha kujifunza ni kuielekeza pahali pasipo na mutu. Juma nzima nilitembea nayo bila risasi, na kila mara mudomo wa kano ulipogeukia nyumba, ao mbuzi, ao muguu wangu mwenyewe, aliipokonya na tulianza upya.

Kisha kulasi. Kila mara bunduki inapita toka mukono wa mutu mumoja kuingia mukono wa mwengine, kulasi inafunguliwa. Hata kama uliona mwenzako akiifungua sasa hivi. "Mwipwa," alisema, "mimi ni mujomba wako, lakini usiniamini. Angalia na macho, kisha ingiza kidole." Bunduki hii inabeba masasi tano, moja juu ya ingine, mu sanduku dogo la chuma mbele ya detante. Watu wanahesabu tano, wanatoa tano, wanafurahi. Ya sita inaweza kuwa imelala ndani ya kano, na ile ya sita njo inaua watoto. Kwa hiyo kidole kinaingia pahali pawili: mu sanduku na mu kano. Usiku, kama hakuna taa, kidole kinaona kuliko macho.

Alinionyesha pia kipande cha nyuma ya kulasi: kikiwa kimebaki nyuma, bunduki iko tayari kupiga. Juu yake kuna kibawa cha kufunga. Mujomba hakukitegemea. Chuma cha miaka mia, alisema, kinachoka kama sisi, na kibawa kilichochoka kinaweza kuachilia. Usalama wa kweli ni kidole kukaa inje ya detante, kimelala kwa urefu ubavuni, mpaka wakati macho yameona vizuri kitu cha kupiga na kitu kilicho nyuma yake.

Hiyo ya "nyuma yake" watu wanaisahau sana. Risasi ya bunduki ya vita inaweza kuruka zaidi ya kilometa tatu. Mu pori letu la miti myembamba haisimame. Sisi tulipiga kwa kichuguu kikubwa, kirefu kupita nyumba, udongo mugumu kama wa matofali, kisha kwanza tulikizunguka tuone kama hakuna mutu anayekata kuni upande wa pili. Kitako kilikazwa bega, maana ukikiacha mbali kidogo kinakupiga kama punda. Masikio yalizibwa na pamba. Leo ningesema pamba ni kidogo mno: mulio wa bunduki kama hiyo unapita desibeli 140, na yule aliyefanya kazi miaka kumi karibu na mashini ya kutoboa mwamba anajua sikio lililokufa halirudi.

Siku ya tatu ya kupiga, nilivuta detante nikasikia "ka!" tu. Hakuna mulio. Mukono wangu ulitaka kufungua kulasi. Mujomba alinishika bega, akasema pole pole: "Kaa. Mbele tu. Hesabu." Masasi ya zamani baruti yake inaweza kuchelewa kuwaka, ukifungua mapema, inalipuka mbele ya uso wako. Tulihesabu mpaka mia moja, kano ikiangalia kichuguu, kisha akafungua yeye mwenyewe, uso pembeni. Miaka mingi baadaye, chini ya udongo, sheefu wetu alipotufundisha juu ya rate, kwamba hakuna anayeikaribia mpaka muda uliowekwa upite, sikuwa na la kuuliza.

Kuna kitu cha kinyume pia: mulio mudogo, dhaifu, kama kikohozi. Hapo unasimama kabisa. Pengine risasi imekwama mu kano, na ile utakayotuma nyuma yake itapasua chuma.

Jioni alisafisha kano na maji ya moto, ndipo mafuta. Nilishangaa, maji ku chuma! Lakini masasi ya zamani yanaacha chumvi mu kano, mafuta hayaitoe, maji njo yanaitoa. Kano iliyoliwa na kutu haifai tena kupigwa.

Sasa tuseme ya leo. Sisemi mutafute bunduki. Sheria juu ya silaha, ile nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inataka ruhusa ya serikali, na karatasi ya mutu aliyekufa haimfunike mutoto wake. Mujomba alipokufa, hakuna kati yetu aliyekuwa na ruhusa. Miaka ya 2000, PAREC ya pasteri Ngoy Mulunda ilikuwa inatoa velo kwa mutu anayerudisha silaha, na muke wa mujomba aliipeleka. Wajomba wengine walinung'unika kwamba ni mali ya ukoo. Yeye aliwajibu kwamba velo inabeba makala, bunduki inabeba nini?

Kama kwenu iko moja, musiibebe mabegani barabarani kuipeleka mujini, askari akikukuta nayo hatakuuliza historia ya babu. Usiifungue kama haukufundishwa. Toa watoto mu chumba, funga mulango, enda mikono mitupu kwa shefu wa kijiji pamoja na polisi, sema iko wapi, wakuje kuichukua wenyewe. Na watakapouliza kama ina masasi, jibu: "Hatujui, mufungue mutazame."