Kulala Makindu Bila Kulipa

Asafiriye kwa njia kuu kutoka Nairobi kwenda Mombasa hufika Makindu, katika Makueni, baada ya kupita zaidi ya kilomita 150. Nchi ni kavu, yenye miiba mingi, na upande wa kusini-magharibi milima ya Chyulu huonekana kwa mbali. Kando ya barabara husimama mlingoti mrefu wenye bendera, na chini yake uko ua mpana. Mlangoni mwa ua huo msafiri haulizwi ana fedha kiasi gani. Aweza kula akashiba, akalala, na asubuhi akaenda zake pasipo kudaiwa hata senti moja.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Kitui na Makueni. Mkulima aliyekwenda Mombasa kumtazama mgonjwa wake, au karani aliyeitwa Nairobi kwa habari ya kazi, mara nyingi huwa na nauli yake tu na akiba kidogo mfukoni. Gari likiharibika njiani, au jua likitua kabla hajapata gari la kumvusha kwenda Mutomo, hapana budi atafute mahali pa kulala. Katika miji ya barabarani ziko logingi nyingi: vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua, kitanda, kufuli, bomba moja la maji kwa wote, na fedha hulipwa kabla ya ufunguo kutolewa. Nyingine ni safi, na wenyewe ni watu waungwana. Nyingine zimeungana na baa, na usingizi wa humo hukatika kila mara kwa kelele za santuri na walevi. Naye asiye na fedha hata za logingi hukesha stendi akiwa amekumbatia mzigo wake.

Nyumba ya Makindu ni hekalu la Masingasinga, ambao wengi huwaita Makalasinga. Yasemekana jina hilo lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani, Kala Singh. Hekalu lilijengwa mwaka 1926, lakini asili yake ni reli. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Watu 31,983 waliletwa kutoka India kwa mkataba ili kuijenga, na 2,493 miongoni mwao hawakurudi kwao, kwa kuwa walifia huku. Makindu palikuwa kituo cha kazi, penye mafundi wa chuma, maseremala na waendeshaji wa garimoshi, na wengi wao walikuwa Masingasinga kutoka Punjab. Kabla ya kupata jengo walikutana chini ya mti kusali. Yafaa kukumbuka pia kwamba reli ilipokuwa ikipita katika nchi hii, Ukamba ulikuwa katika njaa ile kuu ya mwaka 1898 na 1899, iitwayo Ngomanisye. Chakula cha bure katika nchi kama hiyo si neno la mchezo.

Baadaye shughuli za reli zilipopungua Makindu, barabara ndiyo iliyoleta wageni. Siku hizi huingia humo madereva wa malori, jamaa waendao Mombasa kwa likizo, vijana wa Ulaya wazungukao dunia wakiwa na mizigo mgongoni, na wenyeji wa vijiji vya jirani.

Viatu Mlangoni

Mgeni hatoi fedha, bali hutoa adabu. Kwanza huvua viatu na kuviacha mahali pake. Kisha hunawa mikono na kufunika kichwa, mwanamume kwa mwanamke, na asiye na kilemba wala leso hupewa kitambaa. Tumbaku na pombe haviingii kabisa, hata vikiwa vimefichwa mfukoni. Hakuna amlazimishaye mtu kuacha dini yake. Mkristo na Mwislamu huingia na kutoka wakiwa vilevile walivyokuja, ila wote hutakiwa kukiheshimu Kitabu Kitakatifu kilichowekwa juu ya kiti chake chini ya kitambaa kizuri. Apitaye mbele yake aweza kupewa mikononi halua kidogo iliyopikwa kwa unga wa ngano, samli na sukari. Huipokea kwa mikono miwili.

Desturi ya namna hii haiko Makindu tu. Japani, katika nyumba za wageni za kale ziitwazo ryokan, mgeni huacha viatu mlangoni, hukanyaga mikeka bila viatu, na hulala juu ya godoro litandikwalo chini. Lakini ryokan hutoza, tena nyingine hutoza fedha ambazo mkulima wa Kibwezi angenunulia ng'ombe.

Mstari Mmoja

Ukumbi wa chakula huitwa langar. Desturi yake ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 huko Punjab. Nchini mwake watu waligawanyika kwa tabaka, na mtu wa tabaka la juu aliona ni unajisi kula pamoja na wa chini. Guru Nanak akaagiza wote waketi pamoja na kula chakula kimoja. Ndiyo sababu chakula cha langar hakina nyama, ili asiwepo wa kukikataa kwa ajili ya dini yake. Katika hekalu kuu la Amritsar, India, watu maelfu kwa maelfu hulishwa hivyo kila siku.

Makindu mgeni hupewa sinia, akaandaliwa chapati, dengu, wali na mboga, na chai ya maziwa yenye viungo. Akitaka tena huongezwa. Asichopaswa kufanya ni kujaza sinia kwa tamaa, kisha kuacha chakula kikatupwe. Hapo karani mwenye tai huketi karibu na utingo mwenye mafuta mikononi, na wote wawili hupewa dengu kutoka sufuria moja. Wazee wakumbukao zamani za ukoloni, wakati Mwafrika alipopanda behewa la daraja la tatu na hoteli za Wazungu hazikumpokea, hawawezi kuliona jambo hilo kuwa la kawaida.

Vyumba ni vya kawaida, lakini ni safi. Atakaye kulala hujieleza ofisini na kuandikishwa. Akaaye hukaa kwa muda mfupi, kwa kuwa mahali hapo ni pa msafiri, wala si pa kupanga. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Wakamba wanalijua neno hilo kwa vitendo hata kabla ya reli. Mwaka 1849 Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Kitui akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara. Ni katika safari hiyo alipouona Mlima Kenya. Kivoi alimkaribisha kwa ukarimu, lakini naye alikuwa na shughuli zake za biashara, na mgeni wake alifuatana na safari hizo. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa njiani, karibu na mto Tana, akiwa pamoja na mgeni wake.

Hatari iliyopo Makindu ni ndogo zaidi, lakini ipo. Wako waingiao wakidhani kisicholipiwa hakina mwenyewe. Huvuta sigara nyuma ya vyumba, huacha bomba wazi katika nchi ambayo wanawake huenda mbali na punda kutafuta maji, na hudai chakula kana kwamba wamekinunua. Watu kama hao wakizidi, mwenye nyumba yeyote, hata awe mcha Mungu namna gani, huanza kutazama wageni kwa jicho la shaka, na atakayeumia ni yule mama wa Ikutha afikaye usiku na mtoto mgongoni.

Liko sanduku la sadaka. Mwenye nacho hutia, asiye nacho hupita, na hakuna asimamaye kuhesabu. Wengine hulipa kwa mikono yao: huingia jikoni wakasukuma chapati, au huosha masinia baada ya kula. Kazi hiyo huitwa sewa, nayo yaruhusiwa kwa mtu yeyote, hata mgeni wa usiku mmoja.

Asubuhi msafiri hukunja shuka, hunywa chai, huvaa viatu vyake mlangoni na kutoka barabarani. Garimoshi la reli mpya, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, lina vituo Emali na Kibwezi, kwa hiyo alitakaye hutafuta kwanza matatu. Aendaye Kitui naye hushuka Kibwezi, akapanda gari la Mutomo, akauvuka mto Athi.