Samaki Mmoja, Majina Matatu

Katika soko la Kachibora, chini ya Milima ya Cherang'any, omena hupimwa kwa gorogoro au kikombe. Kabla ya kufika hapo amekwisha kupitia mikono ya mvuvi aliyekesha na taa katika Ziwa Viktoria, ya mwanikaji, ya mchuuzi na ya mwenye lori. Kila mkono hupata fungu lake, na aghalabu la mvuvi ndilo jembamba. Yeye hulazimika kuuza asubuhi hiyo hiyo, asijue bei ya mwalo wa pili.

Ndiyo maana masoko ya simu yamepokelewa kwa shangwe. Mwishoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya KMFRI ilianzisha huduma ya kumjulisha mvuvi, kwa ujumbe mfupi, bei za samaki katika mialo mbalimbali. Huko Afrika Kusini, wavuvi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walibuni Abalobi, programu inayomwezesha mvuvi kuuzia mikahawa moja kwa moja. Jina hilo ni la Kixhosa, maana yake wavuvi. Msomaji atatambua kuwa aba- hiyo ni ndugu wa wa- yetu.

Watetezi wa masoko haya hupenda kutaja Kerala, India. Mwaka 2007 mwanauchumi Robert Jensen alionyesha kwamba simu za mkononi, zilizoanza kuenea huko mwaka 1997, ziliongeza faida ya wavuvi kwa asilimia 8 hivi, zikapunguza bei kwa mlaji kwa asilimia 4, na samaki wakaacha kutupwa kwa kukosa mnunuzi. Lakini hakukuwa na programu yoyote. Mvuvi alipiga simu akiwa baharini, akazungumza Kimalayalam na mnunuzi. Penye shaka, aliuliza.

Programu haiulizi, na hapo ndipo penye tatizo la kwetu. Omena wa Kenya ndiye dagaa wa Tanzania na mukene wa Uganda. Mbuta wetu, kwa Mtanzania, ni sangara. Ngege ni sato. Ziwa ni moja, lakini mwenye kutafuta bei ya omena katika orodha iliyoandikwa Mwanza hataiona. Vipimo ndivyo vibaya zaidi. Bei ya kilo yamfaa nini anayeuza kwa ndoo, akinunuliwa na mtu atakayeuza kwa gorogoro? Anayeweza kukokotoa kutoka ndoo hadi kilo hadi kikombe ni mchuuzi, na elimu hiyo ndiyo faida yake. Tukimpa mvuvi bei kwa kipimo asichokitumia, tumemwongezea mchuuzi silaha.

Sisemi kwamba lugha itatatua yote. Mvuvi aliyekopeshwa wavu na mnunuzi hana uhuru wa kwenda kwingine hata akiijua bei, na bila barafu mbuta hangoji. Hayo ni ya vyama vya ushirika na serikali za kaunti.

Majina na vipimo, hata hivyo, ni kazi yetu walimu na wanafunzi. Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma aweza kwenda sokoni na mizani, akapima gorogoro ya omena wakavu, kisha kikombe, akaandika uzito na kila jina alilolisikia. Mwenziwe wa Kisumu afanye vivyo hivyo kwa ndoo ya mwaloni. Madaftari hayo mawili yakikutanishwa, mtunga programu atakuwa na pa kuanzia.